Choo Chini, Kitanda Ghorofani: Uamuzi wa Kitabibu katika Nyumba Kongwe

Katika baadhi ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu hulala ghorofani ilhali choo na bafu viko chini, kando ya ua. Mpangilio huo haumtatizi mtu wa miaka 40. Lakini afikapo miaka 70, akiwa na kisukari au shinikizo la damu, na magoti yake yamesagika, vidato vile vile alivyovipanda maisha yake yote huwa hatari inayomngoja kila usiku. Hapo ndipo wanafamilia hukaa na kuulizana: je, tukihamishie choo juu?

Aghalabu swali hili hupelekwa kwa fundi mwashi na kuishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni swali la kitabibu kabla ya kuwa la ujenzi, na kwamba jibu lake hutegemea mambo matatu: sababu inayomwamsha mgonjwa, uwezo wa mwili wake, na uwezo wa nyumba yenyewe.

Uzito wa jambo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaofariki kwa wingi zaidi. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kawaida huhitaji upasuaji. Akicheleweshewa tiba, kulala muda mrefu humletea vidonda vya mgandamizo, homa ya mapafu au damu kuganda miguuni. Hata wanaopona, wengi hawarejei kutembea kama awali.

Usiku huzidisha hatari kwa sababu kadhaa zinazokutana kwa wakati mmoja. Mtu anaponyanyuka ghafla kutoka kitandani, damu hushukia miguuni. Kwa kijana mishipa hujibana upesi, lakini kwa mzee, hasa mwenye kisukari au anayetumia dawa za shinikizo la damu, mwitikio huo huchelewa na kizunguzungu humshika. Kukojoa nako huweza kushusha shinikizo la damu kwa muda mfupi, hata mtu akazimia akiwa amesimama chooni. Ongeza giza, mtoto wa jicho, dawa za usingizi na haraka ya kuzuia mkojo usitoke njiani. Tena kushuka ngazi ni kugumu kuliko kunavyodhaniwa, kwani misuli ya paja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili huku jicho likitafuta ukingo wa kidato.

Tuanze na mkojo wenyewe

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mgonjwa aandike kwa siku tatu, mchana na usiku, saa anazokojoa na kiasi cha mkojo kwa kutumia chombo chenye alama za kipimo. Daftari hilo humsaidia sana mganga. Ikiwa kwa mzee mkojo wa usiku, pamoja na ule wa kwanza baada ya kuamka asubuhi, unazidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, basi tatizo kubwa ni mwili kutengeneza mkojo mwingi usiku. Ikiwa anakwenda mara nyingi na kutoa kidogo kidogo, kibofu, tezi dume au maambukizi ndiyo yachunguzwe kwanza. Na ikiwa mkojo ni mwingi mchana na usiku, sukari ya damu ipimwe bila kuchelewa.

Mgonjwa ambaye miguu yake huvimba jioni hubeba maji ambayo, akilala, hurudi katika damu na kuchujwa na figo. Huyo huhitaji kuchunguzwa moyo na figo. Kuinua miguu alasiri kwa saa moja au mbili huweza kumpunguzia safari za usiku. Dawa za kuongeza mkojo zinazomezwa jioni mara nyingi zinaweza kuhamishiwa asubuhi au mchana, lakini kwa idhini ya mganga. Mgonjwa asizisimamishe wala kubadilisha saa kwa uamuzi wake. Chai na kahawa za baada ya magharibi nazo zipunguzwe. Wapo wagonjwa ambao, baada ya hatua hizi, safari nne za usiku hubaki moja, na mjadala wa choo hubadilika kabisa.

Vipimo viwili vya zahanati

Kwa wahudumu wa afya, vipimo viwili havihitaji mashine za gharama. Cha kwanza: mgonjwa alale chali dakika tano, apimwe shinikizo la damu, kisha asimame na kupimwa tena baada ya dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, dawa zake zote zipitiwe upya, zikiwemo zile za tezi dume. Mgonjwa huyo afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache kabla ya kusimama, na mwanamume akojoe akiwa ameketi.

Cha pili: anyanyuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka na anahitaji mazoezi ya miguu na mizani ya mwili. Macho yapimwe, na nyayo zichunguzwe kama bado zina hisia.

Nyumba nayo ina mipaka yake

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta huo hunyonya maji na kuyatoa polepole. Ukipakwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani. Bafu lililojengwa juu bila kuzuia maji barabara huvujia boriti, nazo huoza kimyakimya ndani ya dari. Uzito pia uhesabiwe: pipa la lita 200 lililojaa ni kilo 200, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima, mbali na sakafu ya zege. Unyevu na ukungu wa kuta huwasumbua wenye pumu, hivyo bafu linalovuja huweza kumwondolea mzee hatari moja na kumletea mjukuu nyingine.

Maswali ya kumuuliza mhandisi au fundi mzoefu wa majengo haya ni haya: boriti zilizopo ni nzima? Bomba la maji machafu litashukia wapi, nalo linaweza kufikiwa likiziba? Maji ya bomba yanafika juu, au ndoo zitabebwa ngazini? Ikiwa mtu atalazimika kupandisha ndoo ya lita 20 kila siku, hatari ya ngazi imehamia kwake. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya majengo yake huhitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Kibali na ujenzi huchukua muda. Mgonjwa aliyetoka hospitali baada ya upasuaji wa nyonga hawezi kusubiri.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni kuacha vyote mahali pake na kuisalimisha njia: kishikio imara pande zote mbili za ngazi, ukingo wa kila kidato kupakwa rangi inayoonekana, taa juu na chini ya ngazi, na taa ya kuchaji karibu na kitanda kwa ajili ya usiku umeme unapokatika. Hii yamfaa anayeamka mara moja, mwenye miguu thabiti na asiyepata kizunguzungu.

Njia ya pili ni kushusha kitanda. Ni rahisi, hukamilika kwa siku moja, na ndiyo bora baada ya kiharusi au kuvunjika mfupa. Lakini sitara izingatiwe, hasa kwa mama mzee ambaye chumba cha chini kitamweka machoni mwa wageni, na ifahamike nani atamsikia akiita usiku. Asiyetaka kushuka anaweza kuwekewa kando ya kitanda kiti chenye tundu na chombo chini yake. Wengi hukiona cha fedheha. Mhudumu akieleza kwamba ni kifaa cha tiba kama ilivyo fimbo, hukubalika.

Njia ya tatu ni kujenga choo ghorofani. Hii yafaa pale ambapo sababu za kukojoa usiku zimekwisha kutibiwa na bado safari ni nyingi, mgonjwa hawezi kuhamia chini, na mhandisi ameridhika na jengo. Kiwe karibu na chumba, kiwe cha kukaa, chenye vishikio ukutani na sakafu isiyoteleza. Pawe na kiti na bomba la chini kwa ajili ya udhu, maana kuinua mguu hadi kwenye sinki kabla ya sala ya alfajiri, juu ya sakafu yenye maji, huwaangusha wazee.

Choo cha chini kisifungwe

Familia inayoamua kujenga juu hushawishika kukibomoa cha chini ili kupata nafasi ya stoo au chumba cha kupangisha. Kitabibu, hilo lina madhara. Mzee anayeketi barazani mchana na wenzake atalazimika kupanda ngazi kila anapotaka kukojoa. Baada ya wiki chache ataona ni nafuu kutoshuka kabisa. Asiposhuka, misuli ya mapaja hunyauka, mazungumzo humpotea, na uwezo wa ngazi humtoka moja kwa moja. Kwa hiyo tuzungumzie kuongeza choo cha juu, wala si kukihamisha.

Asiye na uwezo wa kujenga asikate tamaa, kwa kuwa tiba, taa, vishikio na kiti cha kando ya kitanda hupunguza sehemu kubwa ya hatari kwa gharama ndogo. Anayeona damu katika mkojo, anayeshindwa kabisa kukojoa, aliyezimia au aliyeanguka na kushindwa kusimama afikishwe hospitali mara moja. Wengine waje kliniki na daftari lao la siku tatu pamoja na dawa zao zote, na ikiwezekana waongozane na yule atakayelipia ujenzi, ili uamuzi ufanywe na wote wakiwa na taarifa moja.