Kabla mbigili haijakuchoma, lijue ua lake

Mtoto anacheza chandimu peku, mara anaruka kwa mguu mmoja na kukaa chini kuchomoa kitu kwenye unyayo. Aliyekulia kwenye mchanga wa Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju hahitaji kuambiwa ni nini. Ni mbigili.

Mwiba wake tunaujua wote. Ua lake je? Wengi hapo tunakwama, wakati ua ndilo linalotangulia. Ukilitambua mapema, unauwahi mwiba kabla haujakomaa.

Utalijuaje?

Litafute asubuhi, mvua za vuli au masika zikishachanganya. Inama, maana mmea wenyewe hausimami. Unatambaa chini na kutawanya matawi pande zote kama mkeka.

Ua ni la njano, lina petali tano, na kila moja limekaa peke yake kwenye kikonyo chake. Mara nyingi halizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Ipo pia jamii yake ya ufukweni yenye maua makubwa zaidi.

Kisha angalia majani. Kila jani lina vijani vidogo vilivyopangana wawili wawili, kama jani la mkwaju, na vina manyoya laini.

Usiichanganye na ule mmea mwingine wa maua ya njano wenye majani manene yenye majimaji na shina laini lisilo na manyoya. Huo hauna miiba.

Ua linageukaje mwiba?

Ua likinyauka linaacha tunda dogo la kijani. Tunda likikauka linapasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba yake migumu. Kikianguka, mara nyingi mwiba mmoja unabaki umeelekea juu, unasubiri ndala yako au tairi la baiskeli. Pancha unayoziba wewe ndiyo usafiri wake, kwa sababu ndani ya kipande hicho mna mbegu.

Ufanye nini?

Ng'oa wakati wa maua, mchanga ukiwa bado na unyevu, na utoe mzizi wote. Ukikuta matunda tayari, usitupe pembeni. Tia kwenye kiroba, maana mbegu zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua.

Ila usiichukie kupita kiasi. Marekani, ambako mbigili ni mgeni, mwaka 1961 walipeleka wadudu California waitafune. Huku kwetu ni mwenyeji, na nyuki wanalitembelea ua lake. Ng'oa iliyo uwanjani, njiani na mlangoni. Ya porini iache ichanue.

Kesho asubuhi, kabla watoto hawajatoka na mpira wao, pita uwanjani ukiangalia chini.