UTEREMSHAJI WA MATAWI KWA KAMBA

Peramiho, katika Wilaya ya Songea, Mkoa wa Ruvuma, ilianza kuwa misheni ya Wabenediktini mwaka 1898. Hivi leo kanisa, hospitali, shule na karakana zake zimekaribiana, na watu hupita kutwa. Mahali pa namna hiyo tawi haliachwi lianguke lenyewe, hata likiwa dogo, kwani laweza kuvunja paa au kumjeruhi mpita njia. Hivyo basi, wakaazi na wafanyakazi wa Serikali wanaokusudia kupunguza matawi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka wanafahamishwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, kamba ipitishwe kwenye panda imara iliyo juu ya tawi linalokatwa. Panda ikiwa chini ya tawi, tawi huanguka kwanza ndipo kamba ikaze, na mshtuko wake huuzidi mno uzito wa tawi lenyewe.

Pili, tawi lifungwe barabara. Likifungwa karibu na mahali pa kukatwa, upande wa majani hutangulia kushuka. Likifungwa upande wa majani, kitako ndicho kinachotangulia. Mkataji achague kwa kutazama kilichopo chini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mshikaji kamba asitegemee nguvu za mikono. Aizungushe kamba mara mbili au tatu kwenye shina, karibu na ardhi, kama baharia afungavyo jahazi kwenye nguzo ya gati. Msuguano hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mtu mmoja huweza kulegeza kidogo kidogo hadi tawi litue. Kamwe kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni.

Nne, msumeno uanze kukata upande wa chini wa tawi, kisha wa juu, ili gome lisichanike hadi shinani.

Aidha, kamba ikaguliwe kabla ya kazi. Katani iliyokaa na unyevu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme yasiguswe. Shirika la umeme liarifiwe.

Mwisho, mshikaji asimame kando, mtu yeyote asipite chini ya tawi, na mkataji asikate mpaka mshikaji aitikie kuwa yu tayari.