Uzee Wenye Chake Mkononi

Wataalamu wanaochunguza furaha wamekuwa wakitueleza kwamba uzee una raha yake. Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha, kwa takwimu za nchi nyingi, kuwa kuridhika na maisha hushuka mtu akiwa katika miaka ya arubaini, kisha hupanda tena. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ana sababu: anayejua kuwa siku zilizobaki si nyingi huacha kugombania makuu, akabaki na watu na mambo anayoyapenda. Inaingia akilini. Lakini mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone uliolinganisha pande mbalimbali za dunia, na Afrika kusini mwa Sahara haikufuata mkondo huo: kuridhika kulikuwa chini ujanani, kukabaki chini uzeeni. Kama umri na heshima vingetosha, wazee wetu, wanaopokea shikamoo kutwa nzima, wangekuwa wa kwanza kufaidi. Ninavyoona, wanachokosa ni uwezo wa kuamua jambo dogo bila kumwomba mtu.

Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, kutimiza miaka 70 kuna maana isiyohitaji keki. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa wakaazi wa umri huo, hata kwa mkulima wa mwani aliyeshinda baharini maisha yake yote bila kuchangia mfuko wowote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Si fedha za kujengea nyumba. Lakini bibi mwenye noti yake analipa deni la sukari dukani, anakwenda hospitali siku anayotaka yeye, na mjukuu akija kusalimia, fundo la kanga linafunguliwa. Huko kutoa ndiko kunakomrudisha mahali pake. Anayepokea tu siku zote, hata kauli yake katika kikao cha ukoo hupungua uzito.

Watasema watoto ndio pencheni yetu. Kweli kwa waliojaaliwa, na hakuna malipo ya serikali yatakayomshika mgonjwa mkono usiku. Ila mtoto huyo huyo ana karo na kodi ya nyumba, na mzee anayelijua hilo hunyamaza na goti lake linalouma. Pingamizi zito zaidi ni la maradhi: raha gani na presha, kisukari, macho yaliyofifia? Fedha hairudishi ujana, sibishi. Hata hivyo mtoto wa jicho, anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wapo wanaokwama kwa nauli tu. Mei 8, 2021, Mzee Ali Hassan Mwinyi alitimiza miaka 96, na siku hiyo kitabu cha maisha yake kikazinduliwa. Utasema yeye alikuwa rais mstaafu, anayetunzwa kwa mujibu wa sheria. Ndiyo hoja yangu hasa: matunzo yake yalikuwa haki, wala hayakungoja hisani ya mtu. Mvuvi wa Kilwa wa miaka 75 hahitaji kiasi hicho, lakini Tanzania Bara bado haina pencheni ya wazee wote, hata ile ya shilingi 20,000.