Kuchujuka na Kuvunjika kwa Rangi: Vichocheo vya Mwanga na Maji ya Songwe

Kitenge kilichonunuliwa Tunduma, mpakani na Zambia, kikipoteza rangi husemwa kimechujuka. Katika kemia ya maji neno hilo halitoshi, kwani rangi iliyochujuka huenda imegeuka tu kuwa kampaundi nyingine isiyoonekana, na pengine yenye sumu zaidi. Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, tofauti hiyo ina uzito wake: mto Momba, na Songwe ule wa kaskazini (si ule uingiao Ziwa Nyasa), huishia katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mto utokao. Kiingiacho humo, kisipovunjwa, hakina pa kutokea.

Mkaa hunasa rangi bila kuivunja. Oksidi ya titani, ambayo ni kichocheo cha mwanga, huivunja: mwanga ukiipiga, elektroni huruka na kuacha matundu, nayo matundu hayo yakikutana na maji huzaa radikali kali zinazoikatakata molekuli ya rangi. Kasoro yake ni kwamba huamshwa na urujuanimno, ambao ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walitia naitrojeni katika oksidi hiyo, ikaweza kutumia mwanga uonekanao. Hata hivyo, maboresho mengi ya aina hiyo hupimwa kwa bluu ya methilini, ambayo nayo hufyonza mwanga uonekanao. Yaweza basi kuchujuka pasipo kichocheo kuamshwa na mwanga huo. Kipimo cha haki ni kaboni iliyosalia majini.