MKANDA WA MASHINE HAUKATIKI BURE



Katika karakana nyingi, mkanda wa mashine ukikatika swali la kwanza ni: "Nani alikuwa zamu?" Swali hilo huja kabla mtu hajautazama mkanda wenyewe. Mara nyingine bei ya mkanda mpya hukatwa katika mshahara wa mtu huyo. Sisi twasema, kwanza utazamwe mkanda. Mkanda ulioharibika huacha alama, na anayejua kuzisoma ataona sababu.

Tuchukue mfano wa mashine ya kukatakata matawi, ile inayotiwa matawi na magogo madogo ya mikalitusi ikayatoa vipande vipande. Maneno haya yawafaa pia wenzetu wa mashine za unga hapa Nyamirambo, wa misumeno ya mbao, na wa viwanda vya chai na kahawa.

Mkanda huo una umbo la herufi V. Ndani yake mna nyuzi imara zilizofunikwa kwa mpira. Hushika puli kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo. Tumbo likigusa chini ya mfereji wa puli, mbavu haziwezi tena kushika vizuri. Mkanda huteleza, kuteleza huleta joto, na joto hukausha mpira mpaka ukapasuka.

Sasa tusome alama.

Mbavu zikiwa laini na zenye kung'aa kama kioo, mkanda umekuwa ukiteleza. Aidha umelegea, aidha umepata mafuta, aidha mashine imelemewa. Mlio mkali wakati wa kuwasha ni onyo la jambo hilo hilo.

Ubavu mmoja ukilika kuliko mwingine, puli mbili hazikai katika mstari mmoja. Chukua uzi, uvute toka ukingo wa puli moja hadi wa pili. Puli zikiwa na kingo za unene mmoja, uzi hauna budi kugusa mahali pane. Tofauti isizidi kama milimita 8 kwa kila mita moja.

Tumbo likijaa nyufa, mkanda umeungua kwa joto au umezeeka. Na mkanda ukikatika au kupinduka ungali mpya, huenda nyuzi zake zilikatwa siku ya kuufunga, kwa kuulazimisha na bisibisi.

Kwa hiyo, ili mkanda uishi maisha marefu, tufanye hivi:

1. Kabla ya kuvalisha mkanda, legeza mota au injini na uisogeze. Mkanda uingie kwa mkono bila kulazimishwa.

2. Kaza kwa kiasi. Ukiusukuma katikati, kwa umbali wa mita moja toka puli hadi puli ubonyee kama milimita 16. Nguvu ya kusukuma hutegemea ukubwa wa mkanda, basi mwenye kitabu cha mashine akifuate. Ukikaza mno, unaua beringi.

3. Mkanda mpya hunyooka. Ukazwe tena baada ya siku ya kwanza au ya pili ya kazi.

4. Mashine yenye mikanda miwili au mitatu pamoja, ibadilishwe yote mara moja. Ukichanganya mpya na mkuukuu, mpya hubeba mzigo peke yake.

5. Noa visu. Kisu butu hakikati, bali huponda, na uzito wote huo hubebwa na mkanda. Tena mikalitusi iliyokauka ni migumu kuliko mibichi.

6. Usiwashe mashine ikiwa na kuni tumboni. Ngoja ifikie mwendo wake kamili, ndipo uilishe, tena kidogo kidogo.

7. Usipake grisi, lami wala sabuni ili kuzuia mlio. Dawa ya mlio ni kuondoa sababu yake.

8. Mikanda ya akiba isikae juani wala karibu na mafuta.

Lakini hakuna mkanda wenye thamani ya kidole. Kazi yote ya kupima, kukaza na kubadilisha ifanywe mashine ikiwa imezimwa. Ya umeme, zima swichi kuu na uifunge. Ya petroli, toa waya wa plagi. Kisha ngoja, maana gurudumu la visu ni zito na huendelea kuzunguka hata injini ikiwa kimya. Bati la kinga lirudi mahali pake kabla ya kuwasha.

Hapa sheria iko upande wetu. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1963, wasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga yake haiko mahali pake, wala asilazimishwe kuitumia. Na hapa Rwanda, Sheria ya Kazi Na. 66/2018 yamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Basi msimamizi akisema, "Kaza huku inazunguka, tusipoteze wakati," mjibuni kwa adabu kwamba haiwezekani, kisha mpelekeeni habari mjumbe wa wafanyakazi.

Jambo la mwisho halina gharama kubwa: kila mashine iwe na daftari lake. Andikeni siku mkanda ulipofungwa, siku ulipokazwa, siku mlipoomba visu vinolewe au puli zinyooshwe, na mliyemwambia. Mkanda mbovu nao usitupwe mpaka umetazamwe na fundi na mjumbe wenu. Siku swali "Nani alikuwa zamu?" litakapoulizwa, mwenzetu asisimame peke yake na maneno matupu. Asimame na daftari, na mkanda wenyewe mkononi, na wenzake nyuma yake.

Umoja ni nguvu.