Kidonge cha Mkubwa, Mgonjwa wa Kilo Tatu

Kwenye wodi za watoto kuna hesabu inayofanywa kimyakimya. Kidonge cha mtu mzima kinakatwa nusu, nusu inakatwa tena, robo inasagwa kwa kijiko na kukorogwa kwenye maji. Ukikunjua karatasi iliyomo ndani ya boksi, huenda ukakuta mtoto wa umri huo hatajwi kabisa. Daktari hajavunja sheria. Ametumia dawa nje ya maelezo ya usajili wake, jambo la kawaida hata katika nchi tajiri: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 624 waliolazwa katika nchi 5 za Ulaya, na asilimia 67 yao walipewa angalau dawa moja ambayo haikusajiliwa, au iliyotumika nje ya usajili.

Karatasi imenyamaza kwa sababu hakuna aliyepima. Soko la dawa za watoto ni dogo, na kwa miaka mingi kuwafanyia watoto majaribio kulionekana ukatili. Basi jaribio likahamia kitandani, mtoto mmoja mmoja, bila mtu wa kuandika matokeo. Kama huo si ukatili, sijui tuuite nini.

Gharama yake ilionekana mapema. Katika miaka ya 1950 vichanga walipewa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, kwa dozi iliyopigiwa hesabu ya uzito wao. Hesabu ilikuwa sawa. Matumbo yakavimba, ngozi ikageuka rangi ya majivu, wengine wakafa. Maelezo yalipopatikana, mwaka 1959 na baada yake, yalielekeza kwenye ini. Ini la kichanga halijawa na vimeng'enya vya kutosha kuigeuza dawa hiyo ili itoke mwilini, na figo zake nazo bado zinajifunza kazi. Kila dozi iliikuta ya jana ingalipo.

Utasema: basi wapewe kidogo, yaishe. Hayaishi. Mtoto wa miaka mitatu huondoa baadhi ya dawa haraka kuliko baba yake, kilo kwa kilo. Teofilini, dawa ya zamani ya pumu, ni mojawapo: ukimpa dozi ya mtu mzima iliyopunguzwa kwa uzito tu, huenda isimfae kitu. Ini lilelile lililokuwa zito mwezi wa kwanza sasa linakimbia.

Ndiyo maana habari ya Julai 2025 ilikuwa kubwa kwetu kuliko ilivyotangazwa. Dawa ya mseto ya malaria, ile ya artemeta na lumefantrini, ilikuwa imesajiliwa kwa wenye kilo 5 na kuendelea. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kichanga mwenye uzito wa chini ya hapo apewe, kwa kila kilo ya uzito wake, kipimo kilekile cha mtoto wa kilo 5, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Watafiti walipopima damu za vichanga wenyewe, walilazimika kubadili uwiano wa dawa hizo mbili. Kidonge kipya, cha wenye kilo 2 hadi chini ya 5, kikaidhinishwa Uswisi. Wakaguzi wa dawa wa nchi 8 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, walishiriki kukikagua.

Hakihitaji wembe wala kijiko cha kusagia. Kinayeyuka hata ndani ya maziwa ya mama.