Fedha ya Kale Isiuzwe kwa Gramu
Kwenye minada ya London, sahani na vijiko vya kale vya fedha mara nyingi huuzwa kwa bei inayozidi thamani ya uzito wake kwa sababu mihuri iliyogongwa juu yake humtambulisha mfua fedha, mji na mwaka. Mikufu ya kale ya Wasomali, walioko Elwak, Kenya, na ng'ambo ya mpaka, Somalia, kwa kawaida haina mihuri, hivyo wengine huiona ni ya kuyeyushwa tu. Hoja hiyo ni dhaifu: wafua fedha wa Pembe ya Afrika walitumia sana sarafu za riale za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780 na fedha takriban asilimia 83, na kiwango hicho hupimika. Ni kweli, familia inayouza kwa sababu ya ukame haiwezi kumngoja mnunuzi wa mbali. Lakini anayeuza kwa gramu huuza madini na kutoa ufundi bure.